Uzi Tuliouvuta Pale Ahero

Kibuye, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Mwalimu,

Pokea salamu zangu na za mama watoto. Huku tu wazima. Mvua ilichelewa lakini imekuja, na omena imeshuka bei kidogo, kwa hivyo hatulalamiki. Natumaini ulifika Nakuru salama siku ile. Uliondoka Ahero bila kunywa chai, nami nikabaki nimeshika kikombe chako hadi kikapoa, watu wakinitazama.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwa simu tungerukiana maneno kama tulivyofanya pale matangani. Kwenye karatasi utanisoma hadi mwisho, hata ukikasirika. Tumekuwa marafiki miaka arobaini, na hujawahi kuniambia neno lililoniuma kama lile: "Wewe ulikula mshahara wa serikali maisha yako yote, ndiyo maana unaitetea." Ulilisema mbele ya wazee. Nimelala nalo wiki tatu.

Nianze na viti, kwa maana viti ndivyo vilivyotugombanisha. Vijana walikuwa wakitazama kwenye simu ile filamu ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Tume ya Warren, iliyochunguza kifo kile, ilisema risasi moja ilimpita rais ikampiga pia Gavana Connally aliyeketi mbele yake, nawe ulitaka kuwaonyesha kwamba haiwezekani. Ukachukua kijiti, ukachora mchangani mtu mmoja mbele na mwingine nyuma yake, kisha ukachora risasi inayoingia mgongoni mwa Kennedy, ikatokea kooni, ikakata kona hewani, ikaingia mgongoni mwa Gavana Connally, ikavunja ubavu wake, ikavunja kifundo cha mkono wa kulia, halafu ikageuka tena kuingia paja la kushoto. Ukawauliza vijana: "Mmewahi kuona risasi inayokata kona?" Wote wakacheka, nao walikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu mchoro wako ulikuwa wa abiria wa matatu: mmoja nyuma ya mwingine sawasawa, kimo kimoja.

Lakini wale watu hawakuketi hivyo. Connally alikuwa kwenye kiti cha kukunjwa, kilichokuwa chini kidogo ya kiti cha rais na kilichosogea kuelekea katikati ya gari. Kennedy naye alikuwa amebanana na mlango wa kulia, mkono wake nje. Ndiyo maana nikaomba kigoda cha jikoni. Nikamketisha mpwa wangu juu yake, nikamsogeza ndani kiasi cha kiganja kimoja, nikamwambia ageuze kifua kulia kama mtu anayetaka kutazama nyuma, mkono juu ya paja. Wewe nikakuketisha nyuma yake kwenye kiti cha plastiki. Yule kijana mwembamba akapanda mwembe na ncha ya uzi, ule wa kufungia turubai, nami nikaushika mwisho wake kwenye paja la mpwa wangu. Uzi ulipita, Mwalimu. Ulipita bila kona. Uliuona ukigusa kola yako, ukaona ulivyoshuka hadi mgongoni mwa kijana. Vijana wakanyamaza. Hapo ndipo ulipolisema lile neno la mshahara, ukainuka.

Sasa nisikilize, kwa sababu hukunipa nafasi ya kumaliza. Uzi ule haukuthibitisha kwamba Lee Harvey Oswald, yule aliyekamatwa kwa mauaji yale, alikuwa peke yake. Haukuthibitisha hata kwamba mambo yalikuwa hivyo. Ulionyesha tu kwamba yanawezekana, na kwamba ile kona uliyoichora haikuwapo. Ni jambo dogo, lakini ni la kweli, na mimi siwezi kuliacha kwa sababu eti linaifurahisha tume fulani.

Na kama unatafuta shaka ya kweli katika kesi ile, ningekuonyesha ilipo. Haiko hewani kati ya viti viwili. Iko kwenye machela. Ile risasi yenyewe, kielelezo nambari 399, haikutolewa mwilini mwa mtu. Iliokotwa na mfanyakazi wa hospitali ya Parkland kwenye machela yaliyoachwa kwenye ukumbi. Alimpa mkubwa wake, naye akaipeleka kwa walinzi wa rais, ikavuka hadi Washington. Baadaye walipoonyeshwa risasi, wale wawili wa kwanza kuishika hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ni ileile. Hebu fikiria hakimu yeyote wa kwetu akisikia ushahidi huo. Wewe ulishikilia kwamba "ilitoka safi kama mpya", na hilo si kweli; kitako chake kilibonyea, na ilikuwa na gramu 10.3 hivi, pungufu kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Ungeshikilia machela ningekaa upande wako.

Unajua kwa nini nasema hivyo. Au labda hujui, maana kisa hiki sijawahi kukusimulia chote.

Nilipokuwa na mwaka wa pili kazini, niliwekwa kwenye chumba cha vielelezo cha mahakama moja huku kwetu. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, mapanga yamefungwa vitambaa na kuandikwa nambari, baiskeli, mitungi ya chang'aa iliyokauka, na harufu ya panya. Siku moja askari akaniletea bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri nyekundu. Kijana alikuwa amepigwa risasi nje ya baa, akafa. Juu ya bahasha waliandika: maganda ya risasi, matatu. Nikachukua daftari, nikaandika kwa mkono wangu, "maganda matatu", nikatia sahihi. Sikuhesabu. Bahasha ilikuwa imefungwa, ningehesabuje?

Miezi minane baadaye ikafunguliwa kortini. Lakiri ilikuwa nzima. Hakimu akaigeuza juu ya meza, na hadi leo nasikia mlio wake kwenye mbao: mara moja, mara mbili, basi. Mtaalamu wa silaha alikuwa na ripoti nzuri ya maganda matatu, alama ya pini kwenye kila moja, zote za bastola ileile. Wakili wa mshtakiwa hakuhoji sayansi yake hata kidogo. Aliuliza tu la tatu liko wapi, na kama hilo lilipotea, tunajuaje kwamba haya mawili hayakubadilishwa? Mshtakiwa akaachiliwa. Mama wa marehemu alinisubiri nje, ameshika viatu mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, ile moja ilienda wapi?" Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Tangu siku hiyo, nikisikia habari ya mtu mkubwa aliyepigwa risasi, swali langu la kwanza si nani alitaka afe. Orodha ya waliotaka afe huwa ndefu, na kila mtu kwenye kilabu anaijua. Swali langu ni nani aliishika ile risasi, lini, na aliiweka wapi. Hiyo si kuitetea serikali, Mwalimu. Serikali ndiyo huwa imeishika.

Nirudi kwetu, maana ugomvi wetu haukuwa wa Dallas hasa. Ulikuwa wa Koru. Ulipoinuka ulisema, "Na Ouko je, utatuvutia uzi pia?"

Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Kigeni, alitoweka shambani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Siku hiyohiyo mvulana mchungaji akauona mwili chini ya kilima cha Got Alila, kama kilomita 3 kutoka nyumbani, umepigwa risasi kichwani, umechomwa, mguu umevunjika, na bastola karibu. Watu waliogopa kusema. Serikali ikatangaza kwamba umepatikana tarehe 16. Unakumbuka juma lile Kisumu lilivyokuwa. Polisi walipoanza kusema amejiua, hata watoto wa shule walijua kwamba mtu hajivunji mguu, akajipiga risasi kichwani, kisha akajichoma moto. Akaja John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, akasema ameuawa. Tukamshangilia. Wewe mwenyewe ulisema, nakumbuka tulikuwa tumekaa kando ya reli, "Angalau Mzungu hana woga." Tume ya Jaji Gicheru ikaanza kusikiliza ushahidi, ikavunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza. Huko kwenu Nakuru, aliyekuwa mkuu wa wilaya akashtakiwa, na mwaka 1994 akaachiliwa huru. Kamati ya Bunge nayo ikakaa miaka mingi baadaye, na ripoti yake Bunge likaikataa mwaka 2010. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Mimi naamini aliuawa. Nimeamini tangu siku ile ya kwanza. Lakini tazama zile siku tatu kati ya mchungaji na tangazo. Mwili ulilala porini, na vitu vilikuwa kando yake: jerikeni, tochi, bastola. Nani alipita pale? Nani alisogeza nini? Mtaalamu akija baadaye na hadubini yake, akikuambia bastola ilikuwa hapa na imelala hivi, anachokuambia ni jinsi ilivyokuwa tarehe 16. Ndiyo maana kuna gari jeupe, na helikopta, na Ikulu, na kila mzee ana lake. Uvumi hauoti kwa sababu watu wetu ni wajinga. Unaota pale mtu alipoacha shimo makusudi na kukataa kulifukia. Hapo nakubaliana nawe kabisa, na nilitaka kukuambia hivyo siku ile.

Kisha likaja jambo lililonifanya nijitazame. Padri Kaiser.

Unamkumbuka. Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alifika mwaka 1964, akaishi Kisii karibu miaka thelathini akijenga makanisa kwa mikono yake, halafu akahamia jimbo la Ngong. Akawasimamia waliofukuzwa makwao, wale wa kambi ya Maela, na mwaka 1999 akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, ile iliyochunguza mapigano ya kikabila, akitaja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 akakutwa amekufa Morendat, barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, kichwa kimefumuliwa, bunduki yake mwenyewe karibu naye. Alikuwa na miaka 67. FBI, wapelelezi wa Marekani, wakaja. Mwaka 2001 wakasema amejiua, wakataja kwamba aliwahi kuugua akili. Maaskofu wakakataa, sote tukakataa. Ikafunguliwa kesi ya kuchunguza kifo, ikaendelea hadi Agosti 2007, hakimu Maureen Odero akaamua kwamba aliuawa.

Waona tatizo? Mwaka 1990 Mzungu wa London alisema ameuawa, tukasema Mzungu hana woga. Mwaka 2001 Mzungu wa Washington akasema amejiua, tukasema Mzungu amenunuliwa. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza hawa wawili walipima nini. Tulipima jibu, si kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa na la kupimwa. Ile ilikuwa shotigani. Bunduki ya kawaida ya vita, au bastola, ina mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu kwa mzunguko, nayo ndiyo inayoifanya risasi izunguke kama pia. Ikitoka huwa imebeba mikwaruzo ya mtutu ule. Mtutu wa shotigani ni laini ndani. Vigololi vyake havibebi alama ya kukuambia vimetoka bunduki gani. Ni ganda tu linaloweza kusema, kwa alama ya pini iliyoligonga. Kwa hivyo ugomvi wote pale Morendat ulibaki kwenye umbali. Mtutu ukigusa ngozi, masizi na moto huingia ndani ya kidonda na kingo hupasuka. Ukiwa mbali kidogo, masizi hutapakaa nje na punje za baruti huchoma ngozi madoadoa. Ukizidi kuwa mbali, vigololi huanza kutawanyika. Pima hayo vizuri, kisha pima urefu wa mtutu, kisha pima mkono wa mzee wa miaka 67 na mahali kidonda kilipo, nyuma ya kichwa. Ni hesabu mwanafunzi wako wa kidato cha tatu angeiweza. Wataalamu waligombana juu ya umbali huo, na hakimu akawasikiliza ana kwa ana, akiwauliza maswali. Hiyo ndiyo sababu mimi namwamini Odero kuliko ripoti iliyoandikwa mbali. Si kwa sababu alisema nililotaka. Ni kwa sababu mashahidi walihojiwa mbele ya watu.

Nitakubali pia hili, kwa kuwa nimekutaka uwe mwadilifu: hata sayansi ya upande ninaouegemea imewahi kuniangusha. Katika kesi ya Kennedy kulikuwa na kipimo cha madini ya risasi, vipande vikapimwa miaka ya sabini ikasemwa vinalingana na risasi mbili tu. Watu wengi walitulizwa na hicho. Baadaye wataalamu wakaonyesha kwamba kipimo chenyewe hakiwezi kubeba mzigo huo, na mwaka 2005 FBI wakaacha kukitumia kabisa. Kwa upande wenu, kamati ya Bunge la Marekani ilisema mwaka 1979 kwamba huenda kulikuwa na njama, ikitegemea mlio wa risasi ya nne kwenye redio ya polisi. Mwaka 1982 wanasayansi wakaonyesha kwamba milio ile ilinaswa kama dakika moja baada ya rais kupigwa. Na mwaka 2009 Akademia ya Sayansi ya Marekani ikasema waziwazi kwamba hata kulinganisha mikwaruzo kwa hadubini hakujapimwa vya kutosha kujulikana hukosea mara ngapi. Niliposoma hilo nilikumbuka yule mtaalamu wetu na ripoti yake nzuri, jinsi alivyosema "bila shaka yoyote". Mimi nilimwamini kwa sababu ya koti lake.

Ulinijibu kwa methali: lisemwalo lipo. Ni kweli, na kama halipo laja. Lakini tuliyasema mangapi kuhusu Tom Mboya, yule waziri wetu, Mwalimu? Nilikuwa na miaka tisa alipopigwa risasi Nairobi, Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969. Mwezi wa Oktoba, Rais Kenyatta alipokuja hapa Kisumu kufungua hospitali ya Russia, nilikuwa chini ya kitanda cha nyanya yangu nikisikia milio ya risasi, na watu kumi na mmoja ndio waliohesabiwa na serikali kuwa wameuawa. Mtaa wetu ulihesabu zaidi. Mtu aliyempiga Mboya alikamatwa, akahukumiwa, akanyongwa. Ushahidi ulimfikia yeye, ukaishia hapo, na swali la aliyemtuma tumelibeba hadi leo. Tulipokwenda Rusinga na wanafunzi wako, ukasimama mbele ya kaburi lile lililojengwa kwa umbo la risasi, ulikuwa na machozi. Hukusema neno. Mimi nilikuheshimu zaidi siku ile kuliko siku ya kijiti na mchanga.

Ninachokuomba ni hiki. Watoto wale pale Ahero watakumbuka kona yako ya hewani, kwa sababu wewe ni Mwalimu na unachora vizuri. Siku watakapokutana na mtu anayejua viti vilivyokaa, watadhani kila tulichowaambia ni kona: Ouko, Kaiser, vyote. Yule anayetaka mambo haya yasahaulike anafurahi sana tukiwapa watoto ushahidi mbovu.

Mwezi wa Desemba nina safari ya Nairobi kumwona binti yangu. Nitalala kwako Section 58 usiku mmoja, kama mama bado ananikaribisha. Asubuhi tupande gari pamoja hadi Morendat, tushuke. Sijawahi kusimama pale. Kila mara napita dirishani. Nitabeba futi ya fundi. Wewe ni mrefu kama padri alivyokuwa, nami nataka nikupime mkono, kutoka bega hadi kidole, tuandike kwenye daftari, wote wawili tutie sahihi. Ukiona nimekosea, niambie palepale.

Yule kijana wa mwembeni amepita hapa jana kuniuliza kama Mwalimu bado amekasirika. Nimemwambia asubiri barua.

Ni mimi rafiki yako,
Karani